Ng'ombe Mweupe wa Namatiti

Shambani kwa Bwana Hallgren,
Kitale
4 Machi 1951

Kwako ndugu yangu Jotham,

Nakusalimu wewe, mke wako Wilkista na watoto. Mimi mzima, ila mguu wangu wa kushoto unanisumbua baridi ikishuka kutoka mlimani. Natumaini huko Chwele mvua imewafikia. Huku bado tunaitazama tu ikizunguka juu ya Elgon kama mgeni asiyejua nyumba ya kuingia.

Umeniuliza kama ni kweli mzee ninayempikia anaandika kitabu. Ni kweli. Tangu Memsahibu afariki, Bwana amemwachia nyapara mambo yote ya shamba, naye anashinda barazani na karatasi zake. Na kitabu chenyewe, ndugu yangu, si cha Afrika. Ni cha ziwa la kwao Uswidi alikozaliwa. Jina lake Orrsjön. Amenifundisha kuliandika, na hizo nukta mbili juu ya o ananiambia nisizisahau, ati bila hizo ni ziwa lingine.

Saa kumi nikimpelekea chai ananiambia, "Sellah, usiende, sikiliza." Basi nakaa kwenye ngazi, naye ananisomea aliyoandika, akiyageuza polepole kwa Kiswahili. Hana mwingine wa kumsomea. Jirani zake Wazungu wanataka kusikia bei ya mahindi tu.

Jotham, mambo ya ziwa hilo ukiyasikia utafikiri mtu ameota. Kuna samaki mrefu kama mkono mzima, mdomo wake kama wa bata na meno kama ya mbwa, naye hujificha kwenye matete akameza vifaranga vya ndege. Kuna ndege mweusi mwenye madoa meupe mgongoni, akipiga mbizi hutajua ataibukia wapi, na sauti yake ni ya mwanamke aliyefiwa. Bwana alipoiigiza, mbwa walitoka chini ya meza wakakimbia. Na wakati wa baridi maji yanakuwa magumu. Si magumu kama ugali, magumu kama sakafu ya simenti, hata farasi anapita juu akivuta mzigo. Usiku barafu hiyo inalia yenyewe, ngurumo inaanza ng'ambo hii mpaka ng'ambo ile. Nilimwambia, "Bwana, hiyo umezidisha." Alicheka mpaka akakohoa.

Na wazee wao wanasema katika maji kuna farasi mweupe. Hutoka asubuhi kukiwa na ukungu, akasimama ufuoni kama farasi mpole wa mtu. Ukimpanda, mgongo wake unarefuka, na mwenzako apate nafasi, na mwenzake tena, kisha anaingia nanyi majini.

Nimeandika mpaka mkono umechoka. Wewe ndiye mwalimu, mimi niliishia darasa la pili.

Ni mimi dada yako,
Sellah

*

Chwele, Bungoma
19 Machi 1951

Dada yangu mpendwa Sellah,

Barua yako niliipokea kwa mikono miwili, nikaisoma, nikamsomea Wilkista, nikairudia peke yangu. Usiseme tena habari za darasa la pili. Kama si wewe kutoka shule ukakae na mama ili mimi nisome, leo ningekuwa nachunga mbuzi. Nayajua hayo, na sisahau.

Unaandika vizuri kuliko walimu wenzangu hapa. Nakusihi uniandikie zaidi. Wanajuaje barafu ikiwa tayari kubeba mtu? Inaanzia wapi, na wapi inachelewa kushika? Na yule farasi mweupe, je, kuna mtu anayejulikana kwa jina aliyechukuliwa naye? Muulize mzee, maana hadithi isiyo na jina la mtu huwa haina miguu.

Nauliza kwa kupenda elimu tu.

Wako mtiifu,
Jotham Wepukhulu

*

Kitale
8 Aprili 1951

Ndugu yangu Jotham,

Hii barua ukimaliza kuisoma, ichome.

Nilimuuliza Bwana swali lako juzi, hivyo hivyo ulivyoliandika: kuna mtu anayejulikana kwa jina? Akaweka kikombe chini. Kisha akasema, "Kerstin."

Kerstin alikuwa mke wa kaka yake mkubwa, Anders. Mwaka ni 1904, mwezi wa Desemba. Kwao kulikuwa na amri ya baba yao: kabla ya farasi kupita juu ya ziwa, mtu mmoja atangulie na mtaimbo wa chuma, apige barafu kila hatua kumi, na pale mto unapoingia ziwani apige kila hatua, kwa sababu maji yanayotembea yanaila barafu kutoka chini na juu huoni kitu. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Bwana. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne. Lakini usiku alikuwa kwenye ngoma ya majirani, akalewa, akalala mpaka jua likatoka. Walipokuwa wakinywa uji baba yake akamuuliza, "Umepima?" Akasema, "Nimepima. Unene wa kiganja."

Kerstin alikwenda kumwona mama yake ng'ambo, na farasi jike mweupe akivuta gari lake la kuteleza juu ya barafu. Penye mdomo wa mto barafu ikafunguka.

Watu walipokuja mbio, Bwana akawaambia amepima, na barafu ilikuwa nzima, ila alfajiri aliona farasi mweupe asiye wa mtu akitembea ukingoni. Wakaamini. Anders naye akaamini, na yuko hai bado, anakaa huko huko ziwani. Na mpaka leo, kule kwao, wamama wanawatisha watoto kwa farasi aliyemchukua Kerstin. Bwana aliniambia hivi, sitasahau: "Sellah, hadithi nyingine za ziwa hili ni za kale. Ya Kerstin niliitunga mimi."

Hakumwambia baba yake. Hakumwambia Memsahibu. Miaka arobaini na saba, na aliyeambiwa ni mpishi wake, tena kwa sababu aliuliza. Nikachukua kikombe nikaenda kukiosha, na kilikuwa bado kina chai.

Basi nimekujibu. Lakini si ya kuambiwa mtu, hata Wilkista.

Dada yako,
Sellah

*

Chwele
2 Agosti 1951

Dada mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa kimya miezi hii. Kazi zilinizidi.

Nina habari njema! Gazeti moja la Nairobi lilitoa shindano kwa walimu, kuandika habari za asili na mapokeo ya mahali petu. Niliandika juu ya kinamasi cha Namatiti, kile tulichokuwa tukivuka kwenda kwa shangazi, ndege wake, kambare wake, na mafunjo yanayoelea juu ya maji hata mtu akapita. Dada, nimekuwa wa kwanza Kenya nzima. Nimepewa baiskeli mpya, na mkaguzi wa shule alinipa mkono mbele ya wanafunzi. Wanasema huenda insha yangu ikaingia katika kitabu cha kusomea cha darasa la nne.

Mama angekuwa hai angepiga vigelegele mpaka Cheptais wasikie.

Gazeti lenyewe sikutumii, zimebaki nakala chache sana.

Wako katika furaha,
Jotham

*

Kitale
26 Agosti 1951

Jotham,

Hukunitumia gazeti, lakini limefika. Bwana hulisoma kila wiki ili Kiswahili chake kisipate kutu.

Nilikuwa nakaanga vitunguu. Aliniita, na hakuniita kwa sauti yake ya kila siku. Nikaenda na aproni yangu. Akasema, "Jotham Wepukhulu wa Chwele ni nani?" Nikasema kwa furaha, mimi mjinga, "Ni ndugu yangu, Bwana, yule mwalimu, ameshinda!" Akasema, "Ndiyo. Ameshinda." Akanipa gazeti, akaniambia nisome kwa sauti.

Nikasoma. Mwanzoni kambare, korongo, mafunjo, nikafurahi kweli. Kisha nikafika pale baba anapomtuma mdogo atangulie na mti mrefu, apime mafunjo kama yatabeba watu baada ya mvua. Mdogo amelewa busaa kwenye sherehe ya tohara, amelala. Anaulizwa, "Umepima?" Anasema, "Nimepima." Mke wa kaka yake anakwenda. Na mdogo anawaambia watu kwamba alfajiri aliona ng'ombe mweupe asiye wa mtu akitembea ukingoni.

Nikalishusha gazeti. Bwana akasema, "Endelea. Imebaki kidogo." Nikasoma mpaka mwisho, pale ulipoandika, "Hadithi hii aliitunga yeye mwenyewe." Hata hayo, Jotham. Hata maneno yake ya mwisho hukumwachia.

Nikapiga magoti. Akaniambia, "Inuka, vitunguu vinaungua." Na kweli vilikuwa vimeungua.

Hakunifukuza. Ningependa anifukuze. Saa kumi nampelekea chai, anasema asante, nami narudi jikoni. Hasomi tena. Karatasi zote amezifungia kwenye sanduku la risasi.

Mimi nilikuambia uchome. Ulichoma?

Sellah

*

Chwele
3 Septemba 1951

Dada yangu,

Barua yako imeniumiza, lakini nakuomba utulie unisikilize. Sikuandika jina la mtu. Sikuandika Uswidi wala barafu wala farasi. Farasi nimemfanya ng'ombe, barafu nimeifanya mafunjo, mtaimbo nimeufanya mti. Kila hadithi duniani imetoka mahali, na mwandishi ni kama mpishi, hukopa moto kwa jirani lakini chungu ni chake. Nani Bungoma atakayejua kwamba chanzo chake ni mzee mmoja wa Kitale? Hakuna! Siri yake bado ni siri.

Tena, ungalijua walivyokuwa wakituona sisi walimu wa huku. Ungalijua jinsi mkaguzi alivyonishika mkono.

Mwambie mzee namheshimu sana.

Ndugu yako,
Jotham

*

Chwele
23 Septemba 1951

Dada Sellah,

Hujanijibu. Unayo haki. Lakini lazima nikuandikie, maana hakuna mwingine ninayeweza kumwambia.

Unamkumbuka mzee Mukhisa, anayekaa juu ya Namatiti, mwenye migomba mingi? Na kaka yake Wabwile? Mke wa kwanza wa Wabwile alizama Namatiti, wewe ukiwa msichana mdogo, mimi nikiwa bado mgongoni. Watu walisema mvua ilizidi, mafunjo yakaachana, basi. Hakuna aliyelaumiwa.

Insha yangu imesomwa sokoni, imesomwa kanisani baada ya ibada, mwalimu mwenzangu ameisoma darasani. Na watu wamesema: kaka mkubwa ni Wabwile, mdogo ni Mukhisa. Wanasema mwalimu ameficha majina kwa heshima tu. Wabwile, mzee wa miaka themanini, ameacha kula kwa ndugu yake. Chakula kikiletwa kutoka kwa Mukhisa anawapa mbwa. Wiki iliyopita watu wamempigia Mukhisa kelele ya ng'ombe akipita njiani. Walikuwa watu wazima, dada, si watoto.

Alhamisi alikuja shuleni. Alisimama mlangoni mwa darasa langu, kofia mkononi, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, nani alikuambia mimi sikupima?"

Nikasema, "Baba, sikuandika jina lako."

Akasema, "Si uliandika Namatiti? Namatiti amezama mwanamke mmoja tu. Siku ile hakuna aliyetumwa kupima. Mimi nilikuwa kwa wakwe, niliitwa, nikaja nikikimbia. Mimi ndiye niliingia kwa maji kumtafuta. Siku mbili. Nilimtoa kwa mikono hii. Sasa niambie, nani alikuambia?"

Wanafunzi arobaini walikuwa wakinitazama. Nikamwambia nina kazi, aje siku nyingine. Ndivyo nilivyomjibu. Akavaa kofia yake akaenda, na mimi nikageukia ubao nikaandika hesabu ambayo jibu lake sikulijua.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijaliandika popote. Nilijua. Nilipochagua Namatiti nilijua kwamba kuna mwanamke alizama pale. Nilifikiri, hiyo itaipa insha uzito.

Nikisema hadithi si ya Mukhisa, wataniuliza ni ya nani. Nikinyamaza, mzee huyu atazikwa na uongo wangu. Sijui nifanye nini. Baiskeli naiona ikiegemea ukuta na siwezi kuipanda.

Jotham

*

Kitale
1 Oktoba 1951

Kwa Mwalimu Jotham Wepukhulu,

Dada yako hakuniomba nikuandikie. Mimi nilimkuta jikoni amekaa na barua yako, nikamwomba anisomee. Alikataa. Nikamwomba tena siku ya pili, akanisomea.

Nilikukasirikia wiki tano. Kiswahili changu hakina maneno ya kutosha kwa hasira ile, na Kiswidi hutakielewa. Nilifikiri: mtu huyu ameniibia kitu pekee ambacho ni changu. Lakini sasa nimesikia habari za mzee Mukhisa, na naona nilikosea. Hukuniibia. Ulichukua mzigo wangu ukampa mtu mwingine aubebe. Mimi nilimpa farasi. Wewe umempa Mukhisa. Farasi haumii.

Pamoja na barua hii kuna karatasi nyingine. Nimeiandika kwa mkono wangu na kutia sahihi. Isome mbele ya watu, siku ya soko, wakiwa wengi. Ina jina langu, na la Kerstin, na la ziwa. Usibadilishe kitu. Umebadilisha vya kutosha.

Ningekuja mwenyewe, lakini daktari amenikataza safari ya gari kwa sababu ya moyo. Labda ninafurahi kwamba amenikataza. Nakuambia hili ili usifikiri mimi ni mtu jasiri.

Erik Hallgren

Karatasi ya pili:

Watu wa Chwele. Mimi naitwa Erik Hallgren, mkulima wa Kitale. Hadithi ya mtu aliyesema amepima na hakupima ni yangu mimi. Haikutokea Namatiti. Ilitokea katika ziwa Orrsjön, nchi ya Uswidi, mwaka 1904, ambako wakati wa baridi maji huganda hata farasi hupita juu. Aliyekufa ni Kerstin, mke wa kaka yangu. Nilikuwa nimelewa na nimelala. Nilisema uongo kwa baba yangu, kisha kwa kaka yangu, kisha kwa kijiji chote. Mzee Mukhisa sijapata kumwona. Hahusiki hata kidogo. Namwomba radhi yeye na ndugu yake.

*

Chwele
21 Oktoba 1951

Dada yangu Sellah,

Nimesoma.

Chifu alinipa nafasi Jumatatu, pale wanapouzia ng'ombe. Nilisimama juu ya sanduku. Nilianza na maneno yangu mwenyewe, niliyoyaandika usiku kucha, yenye methali tatu. Nikaona nyuso za watu, nikayakunja nikayatia mfukoni. Nikasema tu, "Insha ile niliiiba. Na dada yangu alinikataza." Kisha nikasoma karatasi ya mzee.

Niliposoma kwamba maji huganda hata farasi hupita juu, watu walicheka. Mmoja akapaza sauti, "Ati maji yanabeba farasi? Mwalimu ameanza tena!" Niliposoma "nilikuwa nimelewa na nimelala," hakuna aliyecheka. Hawajapata kumsikia Mzungu akijisema hivyo, hata kwa karatasi.

Mukhisa alikuwa mbele, amekaa kwenye kigogo. Nilipomaliza akaniuliza, "Huyo mzee, ndugu yake yuko hai?"

Nikasema, "Dada yangu aliniandikia kwamba yuko hai."

"Amemwambia yeye?"

"Sijui, baba."

"Basi mwambie amwambie. Ameomba radhi kwangu, na mimi si ndugu yake."

Kisha akainuka. Nilifikiri atanipa mkono, nikaunyoosha wangu. Hakuuona, au aliuona. Akasema, "Na wewe, mwalimu. Leo umesema sokoni, ni vizuri. Lakini mjukuu wangu Lenah hakusikia kwa soko. Alisikia kwa darasa. Alirudi nyumbani akaniuliza, guka, ni kweli uliua mtu? Huko pia utaenda."

Wabwile alikuwepo, mwisho kabisa karibu na wauza chumvi. Aliondoka na fimbo yake kabla ya ndugu yake kumfikia. Sijui alielekea wapi.

Nimekwenda darasa kwa darasa, dada, kuanzia la kwanza mpaka la sita. Darasa la kwanza hawakuelewa, mmoja akauliza kama nitachapwa. Darasa la nne Lenah yuko dawati la mbele. Niliwaambia, "Mimi mwalimu wenu niliandika uongo juu ya mzee Mukhisa, nikapewa zawadi." Walinitazama kama wanavyomtazama mtu aliyeanguka na nguo zikafunuka, wakijua wasicheke. Ningelivumilia kicheko. Lenah alikuwa ameinamisha kichwa, akichonga penseli ambayo tayari ilikuwa na ncha.

Nimeandika Nairobi waitoe insha katika kitabu. Baiskeli nimeipeleka kwa mkaguzi. Alisema nimelitia aibu jimbo lote, na tangu wiki ijayo nitafundisha darasa la kwanza tu.

Maneno ya Mukhisa umfikishie mzee. Mimi siwezi kumwandikia. Na sikuombi unisamehe, nakuomba tu unijibu, hata kama ni mstari mmoja.

Jotham

*

Kitale
16 Desemba 1951

Jotham,

Barua zako zote nilizipata. Nimechelewa kwa sababu ya mavuno.

Mahindi yamekuwa mazuri mwaka huu upande wa mto, lakini upande wa barabara yalilala kwa upepo wa Agosti na mengine yameoza yakiwa chini. Tumemaliza kuvuna Jumanne, sasa tunapukuchua. Fukusi wameanza mapema. Ng'ombe mmoja, yule mwenye pembe iliyovunjika, amezaa ndama jike. Mvua imeacha. Mguu wangu ni nafuu. Mke wa Kimeli nyapara amejifungua huko Matisi, mtoto wa kiume.

Maneno ya mzee Mukhisa nilimfikishia Bwana siku ile ile barua ilipofika. Siku iliyofuata alivaa koti, akaniambia nimpelekee wino. Aliandika kutwa nzima, akachana, akaandika tena. Barua ikaenda kwa ndege. Mwezi mzima, kila gari la posta likisikika barabarani, alisimama. Hakunituma, alikwenda mwenyewe mpaka kwenye lango, na moyo wake huo.

Ijumaa jibu limefika. Bahasha nyembamba. Alinikuta nje napeta maharagwe, akaketi kwenye kigogo cha kupasulia kuni, akaifungua kwa kisu changu cha jikoni. Aliisoma kimya, akairudia, kisha akanigeuzia kwa Kiswahili. Ni ukurasa mmoja tu.

Kaka yake anasema barafu imeanza kushika pembezoni tarehe kumi na tano Novemba, mapema kuliko mwaka jana. Anasema wale ndege wanaolia walichelewa kuondoka, wawili wa mwisho aliwaona katikati ya Oktoba, upande wa visiwa. Samaki wa meno wamepungua, lakini mwaka huu amepata mmoja mwenye uzito wa ratili kumi na nane, tumboni alikuwa na kifaranga mzima. Matete yameongezeka penye mdomo wa mto. Anasema vijana wote wamehamia mjini, kwa hiyo anayepima barafu sasa ni yeye mwenyewe, na miaka yake sabini na minne. Kisha ameandika jina lake, Anders. Hakuna neno la Kerstin. Hakuna neno la farasi.

Bwana aliikunja, akaikunjua, akaangalia nyuma ya karatasi kama kuna kitu kimeandikwa huko. Hapakuwa na kitu. Akaniuliza, "Sellah, amenisamehe au hajanisamehe?"

Nikaendelea kupeta. Nikamwambia, "Sijui, Bwana. Ila ameandika. Na mimi nina ndugu yangu huko Chwele, Jumapili nitamwandikia habari za mahindi."

Dada yako,
Sellah